Neno "Uzembe" Halitoshi: Uhakiki wa Hati za Madai Dhidi ya Mawakili katika Kiswahili cha Mahakama

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna madai ya uzembe wa kitaaluma dhidi ya mawakili yanavyoandikwa katika hati za madai. Hoja yake kuu ni kwamba madai mengi ya aina hii huwa dhaifu kabla ya ushahidi kusikilizwa, kwa sababu hati humhukumu wakili kwa tabia yake badala ya kueleza alilopaswa kufanya, asilolifanya na hasara iliyofuata. Udhaifu huo una sura tatu: maana ya kila siku ya neno "uzembe", sarufi inayomficha mtendaji, na mazoea ya kunakili vielelezo vya Uingereza bila kuangalia sheria ya ukomo wa muda ya nchi husika. Makala inalinganisha Tanzania, Kenya na Uganda, inatumia mashauri ya Uingereza pale tu yanapoeleza asili ya kanuni tunazozifuata, na inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga istilahi na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Mteja anapopoteza haki yake kwa sababu wakili wake alichelewa kufungua shauri, mahakama za ukanda wetu humpa mojawapo ya majibu mawili. Pengine humhurumia na kusema kwamba kosa la wakili lisimwangukie mteja asiye na hatia. Pengine humwambia kwamba wakili ni chaguo lake mwenyewe, hivyo ayabebe matokeo, na kama ana manung'uniko basi amfungulie wakili huyo shauri. Majibu yote mawili yamo katika maamuzi ya Afrika Mashariki, na makala hii haikusudii kuamua lipi ni bora. Inakusudia kuuliza swali linalozaliwa na jibu la pili: je, mlango anaoelekezwa mteja uko wazi?

Mlango huo ni karatasi. Kabla jaji hajamwona mteja wala kusikia shahidi, anasoma hati ya madai. Hati ikiwa pungufu, mdaiwa huweka pingamizi la awali, na shauri la pili hufa kama lilivyokufa la kwanza. Mteja hupoteza mara mbili kwa sababu ya maandishi: kwanza kwa hati iliyochelewa, kisha kwa hati isiyosema kitu. Hapo ile kauli ya mahakama kwamba "unaweza kumshitaki wakili wako" hubaki kuwa faraja ya maneno.

Suala hili ni la wanasheria na la wanaisimu pia. Nchini Tanzania, Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa kanuni zimeacha nafasi ya kutumia Kiingereza katika mazingira maalumu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na sheria yake ya mwenendo wa madai inakiruhusu katika mahakama za chini. Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Rwanda ilikiongeza katika lugha zake rasmi mwaka 2017. Kwa hiyo vielelezo vya hati vinavyoandikwa leo kwa Kiswahili ndivyo vitakavyonakiliwa kesho katika nchi jirani. Huu ndio wakati wa kuvihakiki.

2.0 Hati ya Madai kama Utanzu

Hati ya madai ni utanzu wa maandishi wenye kanuni zake. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi kanuni hizo kwa njia ya India ya kikoloni, hasa kutoka katika kanuni ya mwenendo wa madai ya India ya mwaka 1908. Ndiyo sababu Amri ya Sita na ya Saba za Tanzania na za Uganda zinafanana sana, na Kenya, ingawa iliziandika upya kanuni zake mwaka 2010, imebaki na mahitaji yaleyale ya msingi. Hati inatakiwa ieleze mambo ya hakika ambayo mdai anayategemea, iyaeleze kwa ufupi, na isiingize ushahidi wala mabishano ya sheria. Palipo na tuhuma nzito kama udanganyifu au uvunjaji wa amana, maelezo mahususi ni lazima. Hati isiyoonyesha sababu ya madai hukataliwa.

Kipimo cha sababu ya madai kinachotajwa mara nyingi kilitolewa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika Auto Garage dhidi ya Motokov, shauri lililoripotiwa mwaka 1971. Hati inapaswa kuonyesha mambo matatu: kwamba mdai alikuwa na haki, kwamba haki hiyo ilivunjwa, na kwamba mdaiwa ndiye anayewajibika. Kipimo hiki ni kifupi, na kwa madai dhidi ya wakili kinafaa sana, kwa kuwa kinamlazimisha mwandishi aanze na haki badala ya kuanza na lawama.

Upande wa pili wa mizani uko uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Kenya katika D.T. Dobie dhidi ya Muchina, ulioripotiwa mwaka 1982. Mahakama ilionya kwamba kulifuta shauri bila kulisikiliza ni hatua ya kuchukuliwa kwa uangalifu mkubwa, na kwamba shauri dhaifu linaloweza kutiwa uhai kwa marekebisho lisiuawe. Onyo hilo ni la busara. Hata hivyo, mwandishi wa hati hapaswi kulifanya kimbilio. Marekebisho huomba ruhusa, hula muda na gharama, na pale muda wa ukomo unapokuwa umekwisha, yanaweza kukataliwa yakionekana kuleta dai jipya.

3.0 Neno "Uzembe" na Mzigo Wake

Katika Kiswahili cha sheria, "uzembe" limekuwa neno la kawaida kwa kosa la kutotimiza kiwango cha uangalifu. Tunalikuta katika makosa ya barabarani, hospitalini, viwandani, na sasa katika madai dhidi ya mawakili. Lakini neno halifiki mahakamani likiwa tupu. Katika matumizi ya kila siku, mzembe ni mvivu, mlegevu, asiyejali kazi. Ni neno la kumkemea mtoto asiyefagia uwanja na mtumishi anayelala zamu. Linahukumu moyo wa mtu.

Sheria haiulizi habari za moyo. Inauliza kama wakili alifanya kile ambacho wakili mwenye uwezo wa kawaida angekifanya katika mazingira yale. Wakili aliyekesha wiki nzima akiandika hoja nzuri, akasahau kwamba shauri lilipaswa kufunguliwa Ijumaa, si mvivu hata kidogo; lakini amekosa kutimiza wajibu wake. Kinyume chake, wakili mlegevu ambaye karani wake aliwasilisha hati kwa wakati hakumletea mteja hasara yoyote, na hivyo hana la kujibu kwa kosa hilo. Kipimo kinashikamana na tendo na matokeo yake. Hata kosa la maamuzi, pale ambapo sheria ina utata na mawakili wazuri wangeweza kutofautiana, kwa kawaida halihesabiwi kuwa uvunjaji wa wajibu.

Athari yake katika maandishi ni hii: mwandishi akishasema "mdaiwa ni mzembe" huhisi kwamba amekwisha kusema jambo. Neno limebeba hasira yote, hivyo maelezo yanaonekana ya ziada. Msomaji wa kawaida huridhika. Jaji haridhiki, kwa sababu mbele yake kuna sifa isiyo na tendo.

Je, tulitupe neno hili? Hapana. Limeshaenea, na istilahi iliyoota mizizi haing'olewi kwa azimio la kongamano. Lugha yetu pia ina neno la kale "taksiri", lenye maana ya upungufu au kosa, ambalo lipo karibu zaidi na wazo la kutofikia kipimo. Lakini ni wachache wanaolitumia leo, na kulifufua kwa ajili ya hati za mahakama kungeongeza giza. Pendekezo la makala hii ni la kawaida zaidi: "uzembe" libaki kuwa jina la kundi la madai, na katika aya zinazoeleza tendo litumike fungu la maneno "kukosa uangalifu na ujuzi wa kitaaluma", likifuatiwa kila mara na tendo lenyewe.

Tukumbuke pia asili ya neno "wakili". Limetokana na Kiarabu, na katika fikihi ya Kiislamu wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake na anayehesabiwa kuwa amini wa kile alichokabidhiwa. Huwajibika anapovuka mipaka au anapopuuza. Wazo hilo liko karibu na mteja wa pwani au wa bara anayempa wakili hati ya kiwanja chake na kusema, "Nimekukabidhi." Kukabidhiwa ni tukio lenye tarehe, mahali na kitu kilichokabidhiwa. Hati ya madai ingeanzia hapo, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

4.0 Sarufi Inayomficha Mtendaji

Tuangalie mfano uliotungwa kwa ajili ya makala hii, kwa mtindo unaofahamika. Tuseme shauri liko Tanzania Bara. Mteja aligongwa na lori, akampa wakili kazi ya kudai fidia, na wakili akafungua shauri baada ya muda kwisha.

"Kwamba mdaiwa ni wakili aliyepewa kesi ya mdai. Kwamba kutokana na uzembe mkubwa na wa makusudi, kesi ilicheleweshwa na hatimaye ikatupwa. Kwamba mdai amepata hasara kubwa, usumbufu na maumivu ya moyo, na anaomba fidia ya shilingi 80,000,000."

Sarufi ya maneno haya inafanya kazi dhidi ya mdai. "Aliyepewa kesi": na nani, lini, kwa masharti gani? "Kesi ilicheleweshwa": kauli ya kutendwa isiyomtaja mtendaji inaacha nafasi ya kusema kwamba aliyechelewesha ni karani, mahakama, au mdai mwenyewe aliyekawia kuleta fomu ya polisi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kauli za kitenzi, na kauli za kutendwa na kutendeka ni za adabu katika mazungumzo: tunasema "kikombe kimevunjika" ili tusimwaibishe aliyekivunja. Adabu hiyo ikihamia kwenye hati ya madai humsitiri mdaiwa.

"Uzembe wa makusudi" ni kosa la aina nyingine. Aliyekusudia hakukosa uangalifu. Ametenda jambo jingine kabisa. Maneno hayo mawili yanapokaa pamoja, hati inajipinga yenyewe. Kuna hatari ya vitendo pia. Bima ya dhima ya kitaaluma, ambayo Kenya imeiwekea kanuni maalumu kwa mawakili tangu mwaka 2004, kwa kawaida hulipa makosa ya kukosa uangalifu, wala hailipi matendo ya hila au ya kukusudia. Mdai anayeandika "makusudi" kwa hasira anaweza kuwa anaufunga mfuko ambao ungemlipa.

Sasa tuyaandike maelezo yaleyale upya:

"Tarehe 10 Juni 2018 mdai na mdaiwa walikubaliana kwamba mdaiwa, kwa malipo ya shilingi 600,000, angefungua na kuendesha shauri la fidia dhidi ya mmiliki wa lori lililomgonga mdai tarehe 4 Machi 2017. Ilikuwa sharti la makubaliano hayo, na pia wajibu wa mdaiwa kisheria, kwamba angeifanya kazi hiyo kwa uangalifu na ujuzi wa wakili mwenye uwezo wa kawaida. Muda wa kufungua shauri ulikwisha tarehe 4 Machi 2020. Mdaiwa alivunja makubaliano na wajibu huo kwa sababu (a) hakufungua shauri kabla ya tarehe hiyo; (b) hakumweleza mdai kwamba muda ulikuwa unakaribia kwisha; (c) hakuijibu barua ya mdai ya tarehe 12 Januari 2020 iliyouliza shauri limefikia wapi. Mdaiwa alifungua shauri tarehe 22 Aprili 2020, na mahakama ikalitupa tarehe 15 Februari 2021 kwa kupitwa na muda."

Neno "uzembe" halimo, na hakuna aliyetukanwa, lakini tuhuma ni nzito kuliko ile ya kwanza. Kila kitenzi kina mwenyewe. Mchanganuo wa vipengele (a) hadi (c) unamlazimisha mdaiwa akubali au akane kimoja kimoja. Hawezi kujibu kwa sentensi moja kwamba anakana yote.

5.0 Mkataba au Madhara: Somo Lililogeuka

Katika mfano wa pili, maneno "sharti la makubaliano hayo, na pia wajibu wa mdaiwa kisheria" yana kazi kubwa. Yanaweka misingi miwili kwa pamoja: mkataba, na kosa la kiraia lisilotegemea mkataba, ambalo katika Kiswahili cha sheria huitwa madhara. Ili kuona kwa nini hili si urembo, tupitie Uingereza, nchi ambayo vielelezo vyetu vingi vimetoka.

Huko taaluma imegawanyika: wako mawakili washauri, wanaopokea wateja, kutoa ushauri na kutayarisha hati, na wako mawakili watetezi wa mahakamani. Kwa muda mrefu, kwa kufuata uamuzi wa Groom dhidi ya Crocker ulioripotiwa mwaka 1939, wakili mshauri alionekana kuwajibika kwa mteja wake kwa msingi wa mkataba tu. Msimamo huo ulitikiswa na shauri la Midland Bank Trust dhidi ya Hett, Stubbs & Kemp, lililoripotiwa mwaka 1979. Mwaka 1961 mkulima alimpa mwanawe haki ya kulinunua shamba. Mawakili hawakuiandikisha haki hiyo kama sheria ilivyotaka. Mwaka 1967 baba akamuuzia mkewe shamba hilo kwa pauni 500, na haki ya mwana, kwa kuwa haikuandikishwa, ikakosa nguvu. Muda wa ukomo ulikuwa miaka sita, na kama ungehesabiwa tangu kosa la mwaka 1961 dai lingekuwa limekwisha kufa. Jaji Oliver aliamua kwamba wakili anaweza kuwajibika pia kwa madhara, na kwa njia hiyo muda ulianza hasara ilipotokea mwaka 1967. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, liliuthibitisha wajibu wa aina mbili katika Henderson dhidi ya Merrett mwaka 1994.

Kwa hiyo, huko Uingereza madhara yalikuja kumwokoa mteja ambaye mkataba ungemwangusha. Ndiyo sababu vielelezo vya huko hulitanguliza neno la uzembe.

Vuka bahari uje kwetu, na hesabu inageuka. Tanzania na Kenya zimeweka miaka sita kwa madai ya mkataba, lakini miaka mitatu tu kwa madai ya madhara. Mteja wa mfano wetu alipoteza haki yake ya kwanza tarehe 4 Machi 2020. Akimfungulia wakili shauri Julai 2023 kwa hati inayotaja uzembe peke yake, na muda ukihesabiwa tangu siku hiyo, amechelewa kwa miezi minne. Akiweka msingi wa mkataba, ana nafasi hadi Machi 2026. Ukweli ni uleule, wakili ni yuleyule, na malipo yaliyofanywa ni yaleyale. Kinachotofautiana ni aya moja ya hati. Neno lililomwokoa mteja wa Uingereza ndilo linalomzamisha mteja wa Dodoma au Nakuru.

Uganda iko katika hali ya tatu. Sheria yake ya ukomo inaweka miaka sita kwa mkataba na kwa madhara, isipokuwa madai ya majeraha ya mwili yenye muda mfupi zaidi. Mwandishi wa Kampala anaweza kuiacha tofauti hii bila kuadhibiwa upesi. Lakini kielelezo chake kikivuka mpaka wa Mutukula au wa Busia, kinabeba hatari ambayo hakuiona. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo swali lenyewe linaulizwa kwa namna nyingine, kwa kuwa kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha kanuni yao ya kiraia kinajengwa juu ya wazo la kosa lililoleta madhara, na neno letu "uzembe" lina nafasi ndogo pale. Istilahi moja ya ukanda mzima ni jambo la kutamaniwa, lakini kielelezo kimoja cha hati kwa ukanda mzima ni mtego.

6.0 Shauri Ndani ya Shauri

Sehemu inayosahaulika zaidi ni hasara. Mdai huona kwamba akishathibitisha kosa la wakili, fedha zitafuata. Lakini kilichopotea ni shauri, na shauri linaweza kuwa na thamani au lisiwe nayo. Kama mteja angeshindwa hata kama shauri lingefunguliwa mapema, wakili amekosea bila kumtia hasara ya maana.

Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililieleza jambo hili katika Kitchen dhidi ya Royal Air Force Association mwaka 1958, shauri la mjane ambaye mumewe alikufa kwa umeme nyumbani na ambaye muda wa kudai ulimpita mikononi mwa mawakili. Mahakama haikumtaka athibitishe kwamba bila shaka angeshinda. Ilipima thamani ya nafasi aliyoipoteza. Mwaka 2019, katika Perry dhidi ya Raleys, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliweka mpaka ulio wazi zaidi. Lile ambalo mteja mwenyewe angelifanya kama angeshauriwa vizuri, yaani kuleta dai la kweli kwa wakati, ni lazima alithibitishe kwa mizani ya kawaida ya madai. Yale yanayotegemea watu wengine ndiyo hupimwa kama nafasi. Mdai, mchimba makaa wa zamani, alishindwa kwa kuwa mahakama haikuridhika kwamba angeleta dai la kweli.

Fundisho kwa mwandishi wa hati ni kwamba aya ya hasara lazima iwe na hadithi yake: kwamba dereva wa lori alitiwa hatiani, kama ndivyo, kwamba mmiliki alikuwa na bima, kwamba gharama za matibabu ni kiasi fulani na stakabadhi zipo, kwamba mdai alikuwa tayari kutoa ushahidi. "Hasara kubwa, usumbufu na maumivu ya moyo" ni kilio cha kweli, lakini hakipimiki. Shilingi 80,000,000 bila mchanganuo ni namba iliyookotwa.

Wajibu unaweza hata kumfikia asiyekuwa mteja. Katika White dhidi ya Jones, lililoamuliwa mwaka 1995, baba aliyepatana na binti zake wawili baada ya ugomvi aliwaagiza mawakili waandike wosia mpya wa kumpa kila mmoja pauni 9,000. Wakachelewa, naye akafariki Septemba 1986 wosia haujaandikwa. Baraza la Malodi, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, liliwapa binti hao haki ya kulipwa. Kwa hakika hawakuwa na mkataba na mawakili. Kwao msingi wa madhara ulikuwa njia pekee. Hii inaonyesha kwamba hakuna jibu la kudumu kuhusu msingi upi ni bora. Mwandishi hana budi kujua nani anadai, nchi gani, na siku gani.

7.0 Pingamizi Dhidi ya Hoja Hii

Yapo mapingamizi mawili ya haki. La kwanza linasema kwamba kudai umahususi ni kumwonea maskini anayejiandikia hati. Lakini hati ya pili tuliyoiandika haina neno gumu kuliko ya kwanza. Inachohitaji ni tarehe, na tarehe ni kitu ambacho mteja wa kawaida anakijua kuliko anavyojua misemo ya "kwamba" na "hatimaye". Ugumu wa kweli uko kwingine: jalada liko mikononi mwa wakili anayelaumiwa. Mdai anaagizwa aeleze kwa undani mambo ambayo mdaiwa ameyafungia kabatini. Huo ndio uonevu, na dawa yake ni kumwezesha mdai kulipata jalada kabla ya kuandika. Kulegeza hati hakuutibu.

La pili linatoka kwa mawakili: kwamba kuwafundisha watu kuandika madai haya ni kuwaalika wadai wasio na haki. Kinyume chake ndicho kweli. Tuhuma ya jumla humchafua wakili mwema na haimpi cha kujibu. Tuhuma yenye tarehe inaweza kukanushwa kwa barua moja iliyomo katika jalada. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila upande utaivuta hati kwake. Lakini ngozi ikiwambwa sawasawa, sauti inasikika na wote.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeonyesha kwamba udhaifu wa hati za madai dhidi ya mawakili ni wa lugha na wa sheria kwa pamoja. Neno linalohukumu tabia limechukua nafasi ya maelezo ya tendo. Kauli ya kutendwa imemsitiri mtendaji. Na kielelezo kilichoundwa kutatua tatizo la Uingereza kimeletwa mahali ambapo tatizo ni kinyume chake. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yasanifishe istilahi za wajibu wa kitaaluma kama kundi linalohusiana, yaani wajibu, kiwango, uvunjaji, usababishaji na hasara, badala ya kutafsiri neno mojamoja.

Pili, mahakama zinazotoa vielelezo vya hati kwa Kiswahili ziweke mchanganuo wa lazima katika madai dhidi ya wanataaluma: nani alikabidhi nini, lini, kwa sharti gani, tendo gani halikufanywa na nani, na nini kingetokea kama lingefanywa. Kila kielelezo kitaje sheria ya ukomo ya nchi yake.

Tatu, iwekwe hatua ya barua kabla ya shauri. Uingereza ina utaratibu maalumu kwa madai dhidi ya wanataaluma: anayelaumiwa hukiri kupokea barua ya madai ndani ya siku 21, kisha hupewa miezi mitatu ya kuchunguza na kujibu. Kwetu hatua hiyo iambatane na wajibu wa wakili kumkabidhi mteja nakala ya jalada, na muda wa ukomo usihesabiwe wakati jibu linasubiriwa.

Nne, vyuo vinavyofundisha uandishi wa hati kwa Kiswahili viwafundishe wanafunzi kauli za vitenzi kama suala la haki. Mwanafunzi aulizwe kwa kila sentensi: ni nani aliyetenda, na siku gani? Akishindwa kujibu, hati yake haijawa tayari kwenda mahakamani.